Beer Mbili za Eeddo

Eeddo mpenzi,

Najua ungeanza kwa kucheka. Mtoto wa kaka yako anakuandikia barua, tena kwa Kiswahili, wewe uliyekuwa ukisema karatasi ni chakula cha mbuzi! Lakini kati yetu sisi wawili Kisomali kilikuwa cha kugombezwa na kuombewa dua, na Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha utani. Na habari niliyo nayo haielezeki bila utani. Inahusu shamba lako. Mwanao Yusuf alikuja kutoka Nairobi kuliuza, na kwa mwezi mzima sikujua kama maembe ya mwaka huu yangechumwa au yangeanguka pamoja na miti yake. Tulia, nitakueleza yote. Na wasomaji wengine nao watulie, maana lazima nianzie mbali kidogo. Wasiokijua Kisomali wajue tu kwamba eeddo ni shangazi, dada ya baba, na kwamba eeddo wangu mimi hakuwa na mfano wake Garissa nzima.

Unakumbuka njia tuliyokuwa tukipita? Siku hizo mji ulikuwa na mwisho. Ungeweza kusimama nyuma ya nyumba ya mwisho, ukanyoosha kidole, ukasema mji ni huu na pori ni lile. Baada ya swala ya alfajiri tulikuwa tunaingia kwenye mathenge, ile miti ya miiba, wewe mbele na viatu vya mpira chini ya dera lako la maua, mimi nyuma na thamosi ya chai ya maziwa ya ngamia. Digidigi walikuwa wakituruka miguuni. Kisha tunasikia harufu ya mto kabla hatujauona, tope na majani ya ndizi, na wewe unavuta pumzi kwa nguvu na kusema, "Haye, tumefika nyumbani," ingawa nyumbani ndiko tulikotoka.

Kulikuwa na mapapai, ndimu, nyanya, matikiti na ile migomba iliyozaa bila kuombwa. Kulikuwa na pampu ya dizeli ambayo kwako ilikuwa "bambu", kwa sababu ulimi wako haukuipenda p hata kidogo, wala v. Papai lilikuwa babai. Mvua ilikuwa mfua. Sokoni ulikuwa unawaita wanunuzi Wakamba waliovuka daraja: "Onja hii babai, mama, kula bole bole, kama si tamu rudisha mbegu!" Nao walikuwa wanakula, wanacheka, na hakuna aliyewahi kurudisha mbegu. Nyani walipokuja kuiba mahindi, ulipiga debe na kuwatukana kwa Kiswahili. Nilipokuuliza kwa nini si Kisomali, ulisema hao wamevuka kutoka ng'ambo ya mto, ni watu wa Kenya. Ng'ambo ile ilikuwa Kenya kwako, kama ilivyokuwa kwa wazee wote, na sisi tulikuwa mahali pengine tu, pa joto.

Sasa nieleze lile neno. Kwa Kisomali, shamba ni beer. Tunaivuta hiyo e, lakini ukiliandika linakaa hivyohivyo, herufi kwa herufi, sawa na ile bia ya Kiingereza. Nasi tunapenda kumpa kila mtu jina la utani, hata awe na kovu tu au meno yaliyoachana, na wewe mji mzima ulikuita Habiba Beer, Habiba wa Shamba. Hukuona ubaya wowote. Ulikuwa ukipigiwa simu, unapiga kelele kana kwamba aliyepiga yuko mbali huko Masalani hana simu: "Niko beer! Njoo beer!"

Basi nilipofika darasa la tano, Mwalimu Barasa, mgeni wetu kutoka magharibi, mpole, mwenye jasho lisilokauka, akatupa insha: mtu ninayempenda. Niliandika kwa moyo wangu wote. Niliandika kwamba eeddo wangu anapenda sana beer. Kwamba kila siku, kabla ya jua kuchomoza, yuko beer. Kwamba jioni anarudi hawezi kusimama vizuri, miguu imejaa matope, na anaimba. Kwamba mimi nikiwa mkubwa nitamsaidia, twende beer pamoja kila siku, inshallah.

Maskini Mwalimu Barasa. Alikuita shuleni. Ulikuja na gunia la maembe begani, kwa sababu hukujua kwenda mahali mikono mitupu, ukaketi mbele yake, naye akaanza kuzunguka. Alisema anaelewa maisha ni magumu. Alisema kuna watu wa kuzungumza nao. Alisema kama si kwa ajili yako, basi kwa ajili ya huyu mtoto, angalau usimchukue huko. Wewe ukakunja uso.

"Mwalimu, wewe nataka mtoto asiende beer? Sasa nitakula nini?"

"Mama, beer si chakula!"

"Wallahi, watu wote hapa nakula kwa beer yangu. Hata bwana DC alikula. Hata sheikh!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Namkumbuka mwalimu alivyoshika kichwa. Namkumbuka Sofia wa darasa la nane, aliyekuwa amekuja kuchukua chaki, alivyoanguka chini kwa kicheko kabla hajaweza kueleza. Ulipoelewa ulijifunika uso kwa shungi, mabega yakawa yanatikisika, nami nikadhani unalia. Jumamosi yake Mwalimu Barasa alikuja shambani, akala tikiti zima peke yake, akaomba msamaha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tangu siku hiyo hakukosa. Kiswahili hiki ninachokuandikia alinifundisha yeye, mengine akiwa amekaa juu ya bambu yako na ndimu mkononi.

Halafu mji ukaja. Haukuja siku moja. Kwanza vilikuja vigingi vya chuma vyenye kitambaa chekundu, na watu wa kupima wakavichomeka hadi kwenye mpaka wako. Ukasema Mungu amekuletea fito za bure, ukafunga nyanya juu yake. Mpimaji aliporudi alizunguka asubuhi yote akitafuta kigingi chake ndani ya majani. Kisha migomba ya jirani yetu upande wa juu ikawa fleti. Shamba la ndimu lililofuata likawa ghala la saruji. Wewe ulikuwa ukiuliza kila mtu, "Na wewe umefanya bloti?" kwa sauti ya kuuliza kama mtu amepata mafua. Uliuliza kwa mzaha, lakini jioni ulikuwa ukisimama kwenye ukingo na kuyahesabu mapaa mapya kwa kidole, kimyakimya.

Mathenge yakaondoka, na digidigi nao. Njia yetu ikawa barabara ya lami yenye tuktuk. Bomba letu la maji likalazimika kupita chini ya ukuta wa mtu, na kila likipasuka tunabisha hodi kwanza. Maji machafu ya fleti yakaanza kutelemka kwenye mfereji, tukachimba mwingine. Nyanya za Garissa siku hizi zinakuja kwa lori kutoka mbali, zimepondeka. Mvua kubwa iliposhuka na mto ukapanda, ulikumbuka palikuwa na bonde la kunywa maji yale. Sasa bonde limejaa nyumba, kwa hiyo maji yaliingia nyumbani kwa watu, ukaenda kuwatoa na sufuria zako na kuwapikia, hukusema neno la lawama. Ukweli ni kwamba nawakosa hata nyani. Sikudhani ningesema hivyo.

Nifike hospitali, kwa kuwa kila kitu kinazunguka hapo. Wiki yako ya mwisho, nesi kutoka bara akakuinamia, akakuuliza unataka nini. Ukasema, kwa Kiswahili, "Nataka beer." Uso wa yule dada! Alitutazama mmoja mmoja. Lakini mimi na Yusuf tulikuwa tunatazamana kwa sababu nyingine. Kwa Kisomali beer ni shamba, na beer pia ni ini, ini la kukaanga na kitunguu asubuhi, na mkate wetu wa anjera, chakula ulichokipenda kuliko vyote. Kama ungesema kwa Kisomali, mkia wa neno ungetuonyesha: beerta ni lile shamba, beerka ni lile ini. Ila ulisema kwa Kiswahili, na Kiswahili chako hakikuacha mkia.

Yusuf akatoka mbio, akarudi na ini la moto kwenye karatasi. Mimi nikapanda tuktuk, nikarudi na tawi la mnyanya lenye nyanya mbili za kijani. Nilipofika Yusuf alikuwa nje anaongea na simu, na wewe ulikuwa unajilamba vidole. Ini lilikuwa limekwisha. Ukalichukua lile tawi, ukalinusa, ukafumba macho, ukaniambia, "Hiyo moja nimekula. Bado ile ingine."

Basi. Hayo ndiyo niliyobaki nayo, pamoja na ufunguo wa kibanda cha pampu.

Msimu wa pili wa maembe tangu uondoke, Yusuf akaja na dalali. Usimchukie mwanao. Anaishi Eastleigh, huko Nairobi, na watoto wanne katika vyumba viwili, anafanya kazi hadi macho yanakuwa mekundu, na shamba ni lake kwa haki, uliliacha kwa jina lake. Nilimkaangia ini. Tulikaa kwenye mkeka karibu na mapapai, na nilimwona akitazama sehemu zote isipokuwa uso wangu.

"Abaayo, hii dunia imesonga," akaniambia, akiniita dada kwa Kisomali. "Angalia pande zote. Sisi tu ndio tumebaki na nyanya."

"Basi si uzuri huo?"

"Hooyo hakuniambia nisiuze. Hata neno moja hakusema." Hooyo ni mama, yaani wewe.

Nikamwambia ulisema. Nikamsimulia tawi, na vidole, na ile ingine. Alisikiliza hadi mwisho, akatabasamu kidogo.

"Hooyo alitaka ini. Nilimletea, alikula. Hayo mengine umetunga, abaayo, wewe tangu shule unajua kutunga."

Eeddo, iliniuma. Nilikusanya sahani.

Wiki hiyohiyo dalali akasimamisha bango barabarani. Lilikuwa kubwa, la mbao, rangi nyeupe, ungeweza kulisoma ukiwa darajani. Kijana wa watu alitaka jina ambalo mji unalijua, na mahali pale kila bodaboda anapaita kwa jina lako. Kwa hiyo akaandika kwa herufi nyekundu ndefu kama mtu: BEER ESTATE. Chini yake: Ploti zinauzwa. Karibuni nyote.

Jioni ya kwanza walikuja vijana wawili wa mjengo, wanaojenga zile fleti, kutoka Kenya kama ungesema. Walisimama getini wakitazama nyuma.

"Habari, mama. Samahani. Ni hapa?"

"Ni hapa nini?"

"Pale kwa bango." Akashusha sauti. "Hatutaki shida. Tuuzie tu mbili, tunaenda nazo."

Ilinichukua muda. Nilipoelewa nilijifunika uso kwa shungi, wakadhani nalia. Niliwakalisha, nikawaletea tikiti la baridi kutoka kwenye mtungi. Wakala, kwanza kwa heshima, halafu kwa bidii. Kesho yake wakaja watano. Kisha akaja polisi mmoja asiye na sare, akidai anafanya uchunguzi, akachunguza maembe mpaka giza likaingia. Mwalimu mgeni akaja. Nikalazimika kununua jagi na kuanza kukamua juisi. Kila mmoja alifika akitafuta ile nyingine akabaki kwa hii yetu, na nilipouliza kwa nini wanarudi, kijana mmoja akaniambia kwamba mji huu wote hakuna mahali pengine penye kivuli cha majani, vingine vyote ni vya mabati.

Unajua mji wetu. Mwezi haukuisha. Ijumaa moja baada ya swala wazee wakaja, imamu mbele, uso umefungwa, na nyuma yao nusu ya mtaa. Yusuf alikuwa hapo na dalali na mnunuzi, wanalipima shamba kwa hatua. Nilidhani tumekwisha.

"Ni nani ameandika ile kitu barabarani?" imamu akauliza.

Dalali akaanza kueleza kwa haraka kwamba ni Kisomali, sheikh, ni shamba tu, beer, wallahi ni shamba.

"Najua Kisomali, kijana. Nilikijua kabla baba yako hajaoa." Akaketi kwenye mkeka wangu, nikampa juisi, akanywa yote kabla ya kuendelea. "Neno ni yetu. Haina makosa. Beer ni mahali ya kulima." Akamgeukia mwanao. "Lakini Yusuf, hii shamba unauza?"

"Ndiyo, sheikh."

"Kila miti inatoka?"

"Kila kitu. Itakuwa fleti."

"Basi shamba ikitoka, bango ikibaki, hapo itakuwa beer gani?"

Watu wakaanza kucheka nyuma. Imamu hakucheka. Akasema polepole:

"Mamako tulimwita Habiba Beer. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo mbele ya watu, na alijibu. Watoto wangu wanalijua hilo jina. Wajukuu wakiuliza Habiba Beer alikuwa nani, nitawaonyesha hapa. Sasa wewe ukitoa shamba, mimi nitawaambia nini? Mama alikuwa wa beer gani?"

Kicheko kikakatika. Yusuf akashika shina la mpapai kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona mtu mzima akirudi kuwa mtoto upesi namna ile. Mnunuzi, mtu wa heshima, akasema labda azungumze nao siku nyingine, na akaomba juisi kabla ya kuondoka.

Jua lilipolala nilimkuta Yusuf kwenye mstari wa nyanya ameshika bomba la maji, suruali yake nzuri imelowa hadi magotini. Hakunitazama.

"Alisema kweli? Ile ingine?"

"Wallahi, Yusuf."

"Sema vile alisema."

Nikasema kwa sauti yako, na ule uvivu wako wa mwisho wa maneno: "Hiyo moja nimekula. Bado ile ingine."

Akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. "Ni yeye," akasema. "Hiyo huwezi kutunga. Ni yeye kabisa." Tukasimama pale tukimwagilia mahali palipokwisha kulowa.

Nisikudanganye kwamba hatukupoteza kitu. Kipande cha juu, kile cha kandokando ya barabara penye matikiti, amekiuza. Watoto wake wanahitaji chumba, na nilimpa mkono tulipokubaliana. Msingi umechimbwa tayari, na alasiri kivuli cha nyumba kitazifikia nyanya, kwa hiyo nimeanza kuhamisha mitaro kuelekea mtoni. Kuanzia kwenye mwembe wa kwanza hadi majini hakuuzwi. Yusuf ametamka hayo mbele ya imamu na mbele ya mji mzima, na unajua jinsi mji wetu unavyokumbuka. Neno ESTATE tumelipaka chokaa. Lile lako tumeliacha, na binti yangu amechora papai kubwa pembeni ili mtu asipotee njia. Wanapotea vilevile, na mimi nawakamulia juisi.

Mwalimu Barasa amestaafu, yuko kwao. Nilimpigia nikamsimulia bango. Sikumsikia tena, nikadhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa amekaa sakafuni anacheka, mkewe ndiye aliyeniambia.

Nakukosa, Eeddo. Nakukosa asubuhi zaidi, ninapovaa viatu vyako vya mpira, ambavyo bado vinanipwaya. Lakini sina huzuni ya kukaa nayo. Kazi ni nyingi na bambu imeanza tena kile kikohozi chake. Yusuf hupiga simu kila jioni kutoka Nairobi. Huuliza niko wapi. Anajua niko wapi, anataka tu kusikia mtu akilisema. Juzi simu ililia nikiwa kwenye tuktuk katikati ya abiria wageni, nami nikapiga kelele kama ulivyokuwa ukipiga: "Naenda beer!" Mama mmoja wa bara akasogea mbali nami, akamvuta na mtoto wake. Nikampa babai.

Ile ingine uliyoitaka ipo, Eeddo. Imepungua upande wa juu, lakini ipo, na leo asubuhi imelowa.

Pumzika kwa rehema za Mola,

Mtoto wa kaka yako,
niko beer.